MENO YA MFANYAKAZI NA UZEE WAKE

(Maneno haya yalisemwa na ndugu yetu mmoja wa reli mbele ya wanachama na wastaafu waliokusanyika Ukunda. Tumeyapiga chapa kama alivyoyasema, ili na wale waliokuwa zamu siku ile wapate kuyasoma.)

 

Nimepewa nafasi niseme juu ya meno. Najua wako waliocheka walipoliona jambo hili katika orodha ya mkutano, kwa kuwa chama ni mahali pa kusema habari za mshahara, saa za kazi na watu walioachishwa. Nawaomba mnivumilie. Kabla sijaketi nataka niwaonyeshe kwamba meno nayo ni sehemu ya ujira wetu, tena ni sehemu ambayo mfanyakazi huipoteza polepole pasipo kelele, mpaka siku ya kustaafu ajikute hana kitu.

Wahenga wetu walisema, "Dawa ya jino ni kung'oa." Tena walisema, "Jino la pembe si dawa ya pengo." Ya kwanza yatuambia jino likiuma litolewe. Ya pili yatuambia kwamba likiisha kutolewa, hakuna jingine litakalokuwa sawa nalo. Wahenga hatuwalaumu. Walikuwa na karafuu ya kutuliza maumivu, na baada ya karafuu hawakuwa na njia nyingine. Sisi leo tunayo njia nyingine, walakini bado twaishi kwa methali ya kwanza. Hatuishi hivyo kwa kupenda. Twaishi hivyo kwa sababu kung'oa ndiko tunakoweza kulipia.

Basi neno langu la leo ni hili: ukibogoyo si uzee. Mtu huwa kibogoyo kwa sababu ya namna fedha zilivyopangwa, yaani nani alilipia nini katika kinywa chake, na alilipia lini. Jambo lililopangwa na watu laweza kupangwa upya na watu, na hiyo ndiyo kazi ya chama.

JINO HUFA NAMNA GANI

Yafaa kwanza tujue jino hufa namna gani. Kinywani mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tukila sukari, navyo hula, na vikiisha kula hutoa asidi inayoyeyusha jino kidogo kidogo. Kila tunapokunywa chai ya sukari tele au soda, kazi ile huanza tena. Tundu huanza dogo kama ncha ya sindano, wala haliumi. Wakati huo ndio wa kuliziba, kwa muda mfupi na kwa fedha kidogo. Likiisha kufika kwenye mshipa mtu halali usiku, na akienda kwa daktari siku hiyo, mara nyingi linalobaki ni koleo tu.

Ugonjwa wa pili ni wa fizi. Uchafu unaoganda penye shina la jino huwa mgumu kama chokaa. Fizi huvimba, hutoa damu, kisha hurudi nyuma, na mfupa unaolishika jino huliwa. Jino zima lisilo na tundu hata moja huanza kutikisika kama reli iliyolegea juu ya taruma. Ugonjwa huu hauumi sana, ndiyo maana watu hawaujali. Uchunguzi wa taifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 uliona kwamba katika kila watu wazima 100 wa Kenya, 98 walikuwa na fizi zinazotoa damu, na 34 walikuwa na meno yaliyooza.

Mtu akizeeka huongezeka mambo matatu. Kwanza, fizi zikirudi nyuma shina la jino hubaki wazi, nalo ni laini kuliko kichwa chake, kwa hiyo huoza upesi. Pili, baadhi ya dawa wanazopewa wazee, kama vile dawa kadhaa za presha, hukausha mate, na mate ndiyo maji yanayoosha kinywa mchana kutwa. Tatu, mwenye mikono ya kutetemeka au aliyepata kiharusi hawezi kujisugua sawasawa. Tena kisukari na ugonjwa wa fizi husaidiana kumharibu mtu: sukari ikiwa juu fizi huoza, na fizi zikioza sukari huwa ngumu kuishusha.

Msidhani madhara hukaa kinywani tu. Asiye na meno huacha nyama, karanga na matunda magumu. Hubaki na uji, chai na mkate wa kuchovya, na nguvu humwisha. Kule Japani wataalamu waliwatazama wazee waliomo katika nyumba za kulelea wazee. Wakaona kwamba wale waliosafishwa vinywa vyao kila siku hawakushikwa na homa ya mapafu mara nyingi kama wenzao, kwa kuwa uchafu wa kinywa huteremka mpaka mapafuni. Basi anayemsugua mama yake meno anamkinga na ugonjwa wa kifua.

Na liko jambo la heshima. Huku kwetu mzee ni mtu wa kunena. Ndiye anayekwenda kuposa, ndiye anayepatanisha waliogombana, ndiye anayeomba dua au kuhubiri. Asiye na meno ya mbele maneno humpotea. "Thelathini" haitoki sawa, vijana hucheka, na mzee huona afadhali anyamaze, kisha huacha kuja barazani. Yule aliyepanda mkorosho kwa mkono wake huko Kinondo au Msambweni, sasa huwatazama wajukuu wakitafuna korosho, na yeye hungoja atwangiwe.

MENO NA KAZI YETU HAPA

Sisi wa Ukunda twayaona mambo mawili kwa pamoja. Tazameni hoteli za Diani. Wako wageni wazee kutoka Ujerumani, Uswisi na Uingereza, watu waliokwisha kustaafu, na mtu wa miaka 75 huketi mezani akatafuna kamba na nyama ya kuchoma bila ya shida. Anayemwekea sahani ni mwenzetu wa miaka 45, naye hucheka mdomo umefungwa, asionyeshe mapengo. Mgeni yule hakuzaliwa na meno ya chuma. Alizaliwa na meno kama yetu, na huenda alikula sukari zaidi yetu. Tofauti ni kwamba kwao fedha ya kulitengeneza jino ilikuwa imewekwa kabla jino halijauma.

Sasa mtazameni mwenzetu. Wengi ni vibarua, wanalipwa kwa siku. Mvua za masika zikija na wageni wakapungua, huambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Jino likimwuma mtu kama huyo, hupiga hesabu. Aende kusini mpaka Msambweni, au aende kaskazini avuke kivuko cha Likoni mpaka Mombasa. Vyovyote vile siku imekwisha na ujira wake umekwenda. Kuliokoa jino lililooza sana humtaka arudi mara ya pili na ya tatu. Kuling'oa ni mara moja, na kesho yuko kazini. Basi huchagua kung'oa.

Mtu huyo si mjinga. Amepiga hesabu sawasawa kwa fedha aliyo nayo. Lakini tuihesabu kwa miaka: jino moja akiwa na miaka 25, jingine akiwa na 30, mawili akiwa na 40. Hata meno yanayobaki hulemewa, kwa kuwa yanafanya kazi ya yale yaliyoondoka, na mengine huinama kuelekea kwenye pengo. Akifika miaka 60 amebakiwa na machache yasiyokutana, ya juu hayana wenzao wa chini. Watu humtazama wakasema, "Amezeeka." Ukweli ni kwamba kila pengo alilipata siku ambayo hakuwa na njia nyingine.

Kwetu relini mambo hayaendi hivyo. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na kazi ya mtu wa gengi ni kutembea njiani akitazama. Hangoji gari lianguke. Akiona msumari umelegea huugonga, akiona taruma imeoza huibadili. Hakuna mkubwa wa reli atakayesema kwamba ukaguzi wa njia ni anasa, kwa maana anajua gharama ya gari lililoanguka. Lakini kinywa cha mtu huyo huyo wa gengi hakikaguliwi na mtu. Huangojwa mpaka lianguke.

WAZEE WANAONGEZEKA

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kenya ilikuwa na watu milioni 47.6. Waliofika miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 2.7, yaani karibu watu 6 katika kila 100. Wengine wataona ni wachache. Lakini sisi wenye miaka thelathini na kitu, tulio wengi katika chama, ndio wazee wa kesho, na watu sasa wanaishi miaka mingi kuliko babu zao. Shirika la Afya la Dunia lasema kwamba katika kila watu 100 wa miaka 60 na zaidi duniani, 23 hawana hata jino moja.

Nawaomba mtazame miaka ifuatayo kwa makini. Mtumishi wa Serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Fedha za wazee za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni za mtu aliyefika miaka 70. Bima ambayo mwajiri alimwekea mfanyakazi mara nyingi humalizika pamoja na kazi, siku ile anaporudisha sare na funguo. Basi ipo miaka 10 katikati, ambapo mtu si wa mwajiri tena wala hajawa mzee wa kupewa shilingi 2,000. Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo fizi zilizoharibika tangu ujana huanza kuyaachia meno. Hilo nalo ni pengo, na ni chama kitakacholiziba.

WENZETU WALIFANYA NINI

Tuanze na Uingereza. Palikuwa na mtu akiitwa Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa wa Tredegar katika nchi ya Wales, naye mwenyewe aliingia mgodini akiwa na miaka 13. Pale Tredegar wafanyakazi walikuwa na chama chao cha matibabu. Kila mmoja alikatwa kidogo katika mshahara, nao wakaajiri madaktari wao wenyewe. Bevan alipokuwa Waziri wa Afya alitaka nchi nzima iwe na jambo kama lile, na tarehe 5 Julai 1948 matibabu ya bure yakaanza kwa watu wote. Watu walikuja kwa wingi kutaka meno ya bandia na miwani, kwa kuwa walikuwa wamekaa miaka na miaka bila ya kuweza kuvinunua.

Mwaka 1951 Serikali ile ile ya chama cha wafanyakazi ilitaka fedha za silaha, ikaamua watu walipe sehemu ya gharama ya meno ya bandia na miwani. Bevan alikataa akajiuzulu. Alikuwa na ugomvi juu ya fedha za silaha pia, lakini mjue kwamba waziri mzima aliacha kiti chake, na jambo mojawapo lilikuwa meno ya bandia ya watu wa kazi. Hapo pana somo kwetu. Fedha zikipungua, kinywa ndicho huguswa kwanza, kwa sababu kila mtu hudhani mwenye pengo atavumilia.

Hata hivyo kazi haikupotea. Uchunguzi wa mwaka 1968 katika England na Wales uliona kwamba katika kila watu wazima 100, 37 hawakuwa na hata jino lao moja. Uchunguzi wa mwaka 2009 uliona kwamba kule England wamebaki 6 katika 100. Damu ya Waingereza haikubadilika katika miaka hiyo 41. Kilichobadilika ni dawa ya meno yenye floraidi, yaani madini yanayoliimarisha jino, na madaktari waliolipwa kuziba badala ya kung'oa.

Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883. Siku hizi mwanachama wa bima hiyo ana kijitabu. Kila mwaka akikaguliwa meno, kijitabu hugongwa muhuri. Akipata pengo, bima humlipia asilimia 60 ya gharama ya matengenezo ya kawaida. Akiwa na mihuri ya miaka 5 mfululizo humlipia asilimia 70, na akiwa na ya miaka 10, asilimia 75. Oneni busara yake: mtu hutuzwa kwa kukaguliwa kabla hajaumwa.

Japani walianza mwaka 1989. Walisema kila mtu afike miaka 80 akiwa na meno yake 20, kwa kuwa kwa meno 20 mtu aweza kutafuna karibu kila chakula. Walipoanza, hawakufika hata 1 katika 10 waliokuwa hivyo. Uchunguzi wa mwaka 2016 uliona kwamba zaidi ya nusu ya wazee wa umri huo wameweza.

Mtaniambia hayo ni ya nchi za matajiri. Basi tuvuke mpaka wa Lunga Lunga. Katikati ya miaka ya 1980 ilianzia Tanzania njia ya kuziba meno isiyotaka umeme wala mashine ya kutoboa. Daktari huondoa sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono, kisha huziba kwa saruji maalumu inayoshika jino na kutoa floraidi. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Mwaka 1994 Shirika la Afya la Dunia liliitangaza njia hiyo kwa mataifa yote. Mwaka 2021 shirika hilo liliiweka saruji ile, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha ya dawa za lazima. Njia hii yaweza kufanywa katika zahanati ndogo, yaweza kufanywa nyumbani kwa mzee asiyeweza kutembea, nayo ilianzia kwa jirani yetu.

FEDHA YETU NA SHERIA YETU

Kwetu Kenya mfuko wa bima ya hospitali, ule tuliouita NHIF, ulianza mwaka 1966. Jina lake lilionyesha kazi yake: ulijengwa kwa ajili ya mtu aliyelazwa kitandani. Matibabu ya mgonjwa anayekwenda na kurudi yaliongezwa kwa wanachama wote mwaka 2015. Sasa jino halimlazi mtu kitandani, ila kwa nadra. Kwa hiyo kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa fedha kila mwezi, na jino lake akalilipia mfukoni.

Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2023, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 twakatwa kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Makato ni asilimia 2.75 ya mshahara wote. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 hukatwa 550 kwa mwezi, yaani 6,600 kwa mwaka. Mwenye 30,000 hukatwa 825 kwa mwezi, yaani 9,900 kwa mwaka. Katika akiba ya uzeeni ya NSSF mwajiri huongeza sehemu yake juu ya sehemu yetu. Katika makato haya ya afya, fedha ni ya mfanyakazi peke yake. Kwa hiyo tukiuliza jino limo au halimo, na meno ya bandia yamo au hayamo, tusiulize kama waombaji. Twauliza habari za fedha yetu.

Katiba ya mwaka 2010 nayo iko upande wetu. Kifungu cha 43 chasema kila mtu ana haki ya afya ya kiwango cha juu kiwezekanacho. Kifungu cha 57 chasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, na kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Tangu mwaka 2013 hospitali na zahanati za hapa zimo mikononi mwa kaunti. Wizara ya Afya nayo iliandika mpango wa taifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2022 mpaka 2026. Karatasi zimeandikwa vizuri, lakini karatasi haizibi jino. Lazima pawe na mtu, chombo na fedha.

TUDAI MAMBO MANNE

La kwanza ni la waajiri. Katika mapatano ya pamoja yajayo tuandike kwamba kila mfanyakazi, pamoja na kibarua wa muda mrefu, atakaguliwa kinywa mara moja kwa mwaka, na siku hiyo asikatwe ujira. Tena bima yoyote ya mwajiri ilipie kusafisha na kuziba, isilipie kung'oa tu. Bima inayolipia koleo peke yake inamfundisha mtu kung'oa.

La pili ni la anayekaribia kustaafu. Mwaka mmoja kabla ya kuondoka kazini, akaguliwe kinywa kizima. Yanayozibika yazibwe, yaliyokufa yaondolewe, na mapengo yawekwe meno ya bandia wakati bado ana bima. Gari haliachwi liende safari ndefu kabla ya kutazamwa breki, na uzee ni safari ndefu.

La tatu ni la kaunti. Twataka njia ile ya kuziba bila mashine ifundishwe na kufanywa katika zahanati, ili mtu wa Ukunda, wa Vanga au wa Kinango asipoteze siku nzima kwa tundu dogo. Wako maofisa wa afya ya kinywa ya jamii wanaofundishwa katika chuo cha mafunzo ya utabibu Nairobi. Tudai waajiriwe huku. Bei ziandikwe mlangoni kwa Kiswahili. Kila mwaka kaunti huwaita wananchi watoe maoni juu ya bajeti. Mikutano hiyo sisi huiachia watu wengine. Safari hii tawi lipeleke watu, nao wapeleke jambo hili limeandikwa.

La nne ni la bima ya taifa. Malipo yake hutangazwa katika Gazeti la Serikali, kwa Kiingereza kigumu. Namwomba Katibu atafute orodha hiyo, sehemu ya meno itafsiriwe na kupigwa chapa katika jarida hili, kisha tulinganishe na tunayotaka: kukaguliwa, kusafishwa, kuzibwa, na meno ya bandia kwa waliofika miaka 60. Kinachokosekana tukipeleke juu kwa njia ya chama, mpaka kifike COTU.

WATAKAOPINGA

Wako watakaosema nchi haina fedha, na kwamba malaria na kifua kikuu ni vikubwa zaidi. Sikatai ukubwa wake. Lakini tundu moja huzibwa kwa saruji kidogo na mkono wa mtu aliyefundishwa. Likiachwa, hutaka kung'oa, kisha meno ya bandia, kisha meno hayo kutengenezwa upya, kwa maana taya hunywea na meno ya bandia hulegea baada ya miaka kadhaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wengi wetu hatutaweza kuujenga.

Wengine watasema fedha ziwekwe kwa watoto, wazee wamekwisha. Hao nawajibu kwamba hatuwezi kuwatenga. Mtoto anayezibwa jino leo ndiye mzee wa miaka 80 mwenye meno 20. Na mzee aliye na pengo leo ndiye aliyetujengea hata chama hiki tunachokalia viti vyake. Jino la pembe si dawa ya pengo, ni kweli, halishindi lile la kuzaliwa. Lakini kwa aliyekwisha kupata pengo, jino la pembe linamwezesha kula nyama na kusema "thelathini".

NA SISI WENYEWE

Tusidai ya wengine tukaacha yetu. Tupige mswaki mara mbili kwa siku, na usiku ndio muhimu kuliko asubuhi. Tutumie dawa yenye floraidi. Mswaki wa mti nao husafisha, ukitafunwa ncha mpaka iwe laini na kupitishwa kila jino, ndani na nje. Tupunguze sukari ya chai. Tumbaku, ugoro na tambuu ni hatari, kwa kuwa huleta saratani ya kinywa. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa majuma mawili kionyeshwe kwa daktari. Meno ya bandia yatolewe usiku, yaoshwe, yawekwe katika maji, na yakivunjika yasiunganishwe kwa gundi ya viatu. Mzee asiyeweza kujisugua asuguliwe na wa nyumbani, hata kama ana fizi tupu, kwa kitambaa safi chenye maji.

Tena tujihadhari na mafundi wa vichochoroni wanaong'oa na kubandika meno bila ya leseni. Kila daktari wa meno huandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Mtu ana haki ya kuiomba leseni kabla hajafungua kinywa.

Bwana Mwenyekiti, sina budi kumaliza. Naomba mkutano ukubali mambo mawili leo. Kwanza, haya manne yaingizwe katika madai ya tawi kabla ya mapatano yajayo. Pili, wachaguliwe watu watatu, mmoja wa hoteli, mmoja wa reli na mmoja mstaafu, wayafuatie na kuleta habari katika mkutano ujao. Huyo mstaafu asikosekane, maana ndiye anayejua pengo linauma wapi.

Tulidai saa za kazi tukazipata, tulidai likizo tukaipata. Zote ziliitwa anasa siku ya kwanza zilipotajwa.

Umoja ni nguvu.